Nasaha kwa Anayechagua Programu ya Kusomea Vitabu

Mtu anayetaka kuanza kusoma vitabu kwa kompyuta, au kwa kile kifaa chembamba ambacho kazi yake ni kusomea tu, aghalabu huuliza kwanza ni chombo gani kilicho bora, na wauzaji, kwa kuwa riziki yao imo katika vyombo, humjibu upesi na kwa moyo mkunjufu. Mimi ningependa aliahirishe swali hilo hata atakapokwisha kujibu jingine lenye haki ya kutangulia: vitabu atakavyosoma ni vipi, vimo katika faili za namna gani, na siku atakapotaka kuiacha programu hiyo aende kwingine, ataondoka na nini? Programu njema ya kusomea, kwa rai yangu, ni ile inayomwachia msomaji aihame pamoja na vitabu vyake, alama zake na maandishi yake ya pambizoni, vyote vikiwa salama. Na ile ambayo kuihama ni kufilisika, hata ikiwa na sura ya kupendeza kiasi gani, haifai kukabidhiwa maktaba ya mtu. Ukubwa wa herufi, rangi ya ukurasa na wepesi wa kufunguka ni sifa za kutafutwa, lakini zina daraja yake, na daraja hiyo ni ya pili.

Na tuanze na faili, maana faili ndiyo kitabu chenyewe. Aina mbili zatosha kufahamiwa vyema. Ya kwanza ni PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kufanywa kanuni ya kimataifa mwaka 2008. PDF huhifadhi sura ya ukurasa: kila herufi imewekwa mahali pake na haihami, hivyo ukurasa ulioandaliwa kwa karatasi ya A4 hubaki wa A4 hata ukifunguliwa katika kioo cha ukubwa wa kiganja. Ya pili ni EPUB, iliyowekwa mwaka 2007 na jumuiya ya wachapishaji na mafundi, na ambayo tangu mwaka 2017 imo katika ulezi wa W3C, shirika lile lile linalosimamia kanuni za kurasa za intaneti. EPUB huhifadhi maneno na mpango wake, ikaiachia programu kazi ya kuyapanga kwa kadiri ya kioo kilichopo na macho ya anayesoma. Ukiongeza ukubwa wa herufi, mistari hujipanga upya wala hakuna neno linalotoka nje ya ukurasa.

Anayependa kulihakikisha jambo hili kwa macho yake na achukue nakala ya EPUB yoyote isiyo na kufuli, abadilishe mwisho wa jina lake kutoka .epub liwe .zip, kisha aifungue. Ndani ataziona sura za kitabu zikiwa faili za maandishi ya kawaida, picha ya jalada, pengine na fonti, na faili moja fupi inayotaja jina la mwandishi, lugha ya kitabu na utaratibu wa sura. Hakuna siri iliyofichwa humo. Kitabu cha namna hii kitasomeka hata kama programu zote tunazozitumia leo zitatoweka, kwa kuwa mtu yeyote mwenye programu ya kufungulia kurasa za intaneti anao ufunguo wake. Mwenye MOBI, ile aina iliyoanzishwa na kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005, na azigeuze faili zake ziwe EPUB mapema, kwa sababu Amazon wenyewe, tangu mwaka 2022, wamekuwa wakipokea EPUB katika huduma yao ya kutuma vitabu kwenye Kindle, kifaa chao cha kusomea, na kuiacha MOBI.

Lakini faili yaweza kutiwa kufuli, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa na hadhari. Kufuli hilo ni hesabu za siri zinazoyafumba maneno ya kitabu yasisomeke ila kwa programu iliyopewa ufunguo na muuzaji, na kwa akaunti ya mnunuzi anayejulikana kwa jina. Anayekubali kitabu cha namna hiyo hakukinunua kama alivyozoea kununua kitabu cha karatasi. Amenunua idhini ya kukisoma, na idhini aliyeitoa anaweza kuitwaa. Mwezi wa Julai mwaka 2009 wasomaji wa Kindle huko Marekani walikuta nakala zao za 1984 na Animal Farm, vitabu vya George Orwell, zimeondolewa vifaani mwao kutoka mbali, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo. Fedha zao zilirudishwa, na mkuu wa Amazon, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani, lakini uwezo wa kutenda hivyo ulikuwa umekwisha dhihirika. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na kwa kuwa vitabu vile vilitegemea ufunguo wa duka, vilikoma kusomeka. Hapo pia fedha zilirudishwa, lakini nani amrudishie mtu kitabu alichokuwa katikati yake? Na mwezi wa Februari mwaka 2025 Amazon iliondoa njia iliyowawezesha wenye Kindle kuzipakua faili za vitabu walivyonunua hadi katika kompyuta zao na kuzihamisha kwa waya.

Siyasemi haya ili mtu asinunue kamwe kitabu chenye kufuli, maana vitabu vingi vipya vya lugha za kigeni haviuzwi kwa njia nyingine, na msomaji ana haja zake. Nasema ajue anachokinunua, na penye hiari achague kilicho huru. Wako wachapishaji wanaouza EPUB bila kufuli. Aidha iko hazina ya vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake umekwisha, ikiongozwa na Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971 pale Michael Hart, katika Chuo Kikuu cha Illinois, alipoandika kwa mkono wake tamko la uhuru wa Marekani katika kompyuta ili wengine walipate bure. Na katika makufuli yenyewe kuna lililo na nafuu, liitwalo LCP, ambalo ufunguo wake ni neno la siri analolijua msomaji, nalo hufunguka katika programu za watengenezaji mbalimbali badala ya kumfunga mtu kwa tajiri mmoja.

Sasa twende kwenye kompyuta. Kwa mwenye mashine kuukuu ya Windows, ambayo hupumua kwa taabu kila inapofunguliwa programu nzito, sijui kilicho bora kuliko SumatraPDF, kazi iliyoanzishwa na fundi Krzysztof Kowalczyk na kutolewa kwanza mwaka 2006. Ni ya bure, ni ndogo mno, hufunguka papo hapo, na ina toleo lisilohitaji kusakinishwa, ambalo mwanafunzi anaweza kulibeba katika flashi akalitumia kwenye kompyuta za chuo bila kumwomba mtu ruhusa. Hufungua PDF, EPUB, MOBI na DjVu. Kwa PDF haina mfano kwa wepesi. Kwa EPUB ni maskini wa mapambo, na anayekusudia kukaa na riwaya ndefu jioni nzima atataka kitu kilichoandaliwa vizuri zaidi.

Kitu hicho chaweza kuwa Thorium, programu ya bure inayotengenezwa na EDRLab ya Paris, ipatikanayo kwa Windows, kwa Mac na kwa Linux. Hupanga ukurasa kwa utulivu, hufungua vitabu vyenye lile kufuli la LCP, na imejengwa tangu msingi wake kwa kuwafikiria wasioona, jambo nitakalolirudia. Mwenye Linux anazo pia Foliate kwa EPUB na Okular kwa PDF, nazo ni njema. Mwenye Mac hupewa Apple Books pamoja na mashine, programu ya kupendeza kwa kweli, lakini haipo nje ya vifaa vya Apple, na kwa mizani niliyoitaja mwanzoni hilo latosha kunifanya nimshauri aitumie kusomea bali asiifanye ghala. Adobe Digital Editions ina haja moja tu kwa walio wengi wetu, nayo ni kufungulia vitabu vyenye kufuli la Adobe, kama vile vinavyoazimwa na baadhi ya maktaba za ng'ambo. Anayesoma Uingereza au Kanada huenda akaihitaji, na asiye na haja hiyo asijisumbue nayo.

Walakini iko programu moja ambayo ningemsihi kila mwenye vitabu zaidi ya kumi awe nayo, hata kama atasomea nyingine, nayo ni Calibre. Aliyeianzisha ni Kovid Goyal, mwaka 2006, kwa kuwa kifaa cha kusomea cha Sony alichokuwa nacho hakikuwa na programu ya kukiendesha katika Linux, na tangu siku hizo imekuwa ikitolewa bure, pamoja na maandishi yake ya ndani yakiwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuyachungua. Calibre ni msomaji wa wastani lakini ni mkutubi hodari: huorodhesha, hupanga, hugeuza faili kutoka aina moja hadi nyingine, na huzihamisha kwenye kifaa kwa waya. Kila kitabu unachokiingiza hukinakili katika folda yenye jina la mwandishi, na ndani yake folda yenye jina la kitabu, na pembeni yake huweka faili ndogo yenye maelezo ya kitabu hicho. Folda hizo usiziguse kwa mkono, wala usibadilishe majina yake nje ya programu, maana orodha itapotea njia. Lakini siku Calibre itakapokosekana duniani, vitabu vitakuwa vimelala katika diski yako wazi, kila kimoja chini ya jina la mwenyewe, nawe hutahitaji ufunguo wa mtu. Matoleo mapya hayakubali Windows 7, ila ya zamani yangali yamewekwa katika tovuti yake kwa ajili ya mashine kuukuu.

Mswahili anayeitumia Calibre atakutana mapema na tatizo la majina. Programu hii hudhani kwamba neno la mwisho la jina ni jina la ukoo, ikalitanguliza katika kupanga. Basi Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, huwekwa katika herufi ya H, akaandikwa Haji kisha Muyaka bin, na Mwana Kupona binti Msham huonekana katika M kwa bahati tu, kwa sababu anayetangulizwa pale ni baba yake Msham. Kwa mtu mwenye diwani na tenzi katika maktaba yake, hili si dogo. Huo ni mpangilio unaowatenga washairi na majina yao. Dawa ipo: katika mapendeleo ya programu, kwenye sehemu iitwayo Tweaks, kuna kipengele cha jinsi ya kupanga majina ya waandishi, nacho kimeandikwa neno comma, libadilishe liwe copy, funga programu na kuifungua tena, kisha katika orodha ya waandishi uamuru majina yote yahesabiwe upya. Kuanzia hapo Shaaban Robert atapatikana mahali ambapo msomaji wa Kiswahili humtafuta, yaani kwa Shaaban.

Na madhali tumeigusa lugha yetu, niruhusiwe kukaa hapo kidogo, maana maelezo ya kusifia programu hizi huandikwa na watu wasiosoma Kiswahili, na dosari zinazotuhusu sisi hawazioni. Ya kwanza ni alama iliyo katika ng'ombe, ng'ambo na ng'arisha. Mchapishaji mmoja huiandika wima, kama itokavyo katika kibodi. Mwingine huiandika imepinda, kama ilivyo katika vitabu vilivyopigwa chapa kwa ustadi. Na kwa kompyuta hizo ni alama mbili zisizo na udugu. Matokeo yake ni kwamba unaandika ng'ombe katika kisanduku cha kutafutia, na programu inakujibu kuwa neno hilo halimo, ilhali kitabu kizima ni cha wafugaji. Ijaribu programu yako kwa neno hili kabla ya kuiamini. Ikishindwa, mwambie Calibre, wakati wa kugeuza faili, azifanye alama zote ziwe wima, kwani uwezo huo anao katika sehemu ya kupanga maandishi.

Ya pili ni kamusi. Vifaa vya kusomea hujisifu kwamba ukiligusa neno, maana yake hutokea. Kwa Kiingereza ni kweli. Kwa Kiswahili utaligusa alivyowaambia, na kifaa kitalitafuta neno hilo zima, kuanzia kiambishi cha nafsi hata irabu ya mwisho, kisilione, kwa kuwa kamusi zetu hupanga vitenzi kwa mashina yake, nacho hakijui kuvua viambishi. Kamusi ya bure ya Kiswahili kwa Kiingereza, ya mradi wa FreeDict, yaweza kutiwa katika programu ya kusomea iitwayo KOReader, nayo hukuruhusu kulisahihisha neno kabla ya kulitafuta, ukafuta mwanzo wake hata libaki ambia. Lakini kamusi hiyo ni ndogo, na kwa kusoma kazi nzito ningali nashauri Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwe wazi mezani. Asikudanganye muuzaji kwa sifa ya kamusi kama kusudi lako ni kusoma Kiswahili.

Ya tatu ni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Ikiwa faili ya kitabu cha Kiswahili imeandikwa ndani yake kwamba lugha ni Kiingereza, kama ilivyo kwa vitabu vingi vilivyotengenezwa kwa haraka, kifaa hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na utaona neno limevunjwa katikati ya silabi, jambo linalomsumbua hata msomaji mzoefu na kumpoteza kabisa mtoto anayejifunza. Fungua maelezo ya kitabu katika Calibre, irekebishe lugha iwe Kiswahili, kisha upeleke kitabu upya. Na kwa kuwa maneno yetu ni marefu, katika kioo chembamba ni heri kuacha mistari iishie popote upande wa kulia kuliko kuilazimisha ilingane, maana ulinganifu huo hununuliwa kwa mapengo makubwa kati ya maneno.

Mwenye kusoma maandishi ya Kiswahili kwa khati za Kiarabu, na wapo, hasa wanaodurusu tenzi za Lamu na Pate, na ahakikishe kwamba programu inageuza kurasa kutoka kulia kwenda kushoto na kwamba herufi zinaungana inavyopasa. EPUB ya toleo la 3, la tangu mwaka 2011, ina uwezo wa kueleza mwelekeo huo, lakini si kila kifaa huutii.

Tuje sasa kwenye kifaa cha kusomea. Fahari yake ni kioo, ambacho hakitoi nuru machoni kama simu itoavyo, bali huirudisha nuru iliyopo, kama ifanyavyo karatasi. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, na umeme huzivuta hizi juu na hizo chini hata herufi ikajichora. Zikishatulia, hazihitaji umeme tena mpaka ukurasa ugeuzwe, ndiyo sababu betri hudumu kwa wiki. Ufundi huu ni wa kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara za MIT, na kifaa cha kwanza kuuzwa kikiwa nacho kilikuwa cha Sony, huko Japani, mwaka 2004. Kwa nchi zetu una manufaa mawili yaliyo dhahiri: umeme ukikatika siku tatu kitabu hakifungi, na katika jua la adhuhuri la Mombasa au Unguja, pale simu inapogeuka kioo cha kujitazamia, ukurasa huu huzidi kuwa wazi.

Lakini ukubwa wake ni jambo la kupimwa kwa rula kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kifaa kilicho cha kawaida kina kioo cha inchi 6, yaani sentimita 15 kutoka pembe hadi pembe, na karatasi ya A4 ina sentimita 36 kwa kipimo hicho hicho. Ukifungua humo PDF ya ripoti au ya tasnifu, herufi hupungua hata zikawa chini ya nusu ya ukubwa wake, na kuikuza ni kuusukuma ukurasa huku na huko kwa kidole, kazi inayochosha kabla ya sura ya kwanza kwisha. Kwa riwaya za EPUB, inchi 6 au 7 zatosha na kupendeza. Kwa mwanafunzi wa chuo, mwanasheria au mtafiti ambaye vitabu vyake ni PDF, ama atafute kifaa cha inchi 10 na zaidi, ambacho bei yake ni kubwa, ama abaki na kompyuta yake na SumatraPDF bila ya kuona haya.

Hili lina uzito wa pekee kwa wapenzi wa fasihi yetu, maana vitabu vingi vya Kiswahili vya zamani, ambavyo havijachapwa tena, havipatikani ila kama PDF za picha, kila ukurasa umepigwa skani ukiwa na madoa yake na mihuri ya maktaba. Kwa kompyuta picha hiyo haina neno hata moja: haitafutiki, haisomwi kwa sauti, haipangiki upya. KOReader ina uwezo wa kuukata ukurasa wa picha vipande vya maneno na kuvipanga tena kwa upana wa kioo kidogo, na kwa chapa iliyo safi hufanya kazi hiyo kwa namna ya kustaajabisha. Njia ya kudumu zaidi ni kuipitisha picha katika programu ya kutambua herufi. Tesseract, iliyo ya bure, inayo mafunzo ya Kiswahili, na ukiitaja lugha sawasawa makosa hupungua sana kuliko ukiiacha idhani inasoma Kiingereza. Baadaye yatakiwa jicho la mtu, hasa kwenye ng' na kwenye mashairi, ambako kituo kati ya vipande viwili vya mshororo hupotea kwa urahisi. Anayetenda kazi hiyo kwa kitabu kimoja adimu, akiwa na haki ya kufanya hivyo, amewafaa wasomaji wengi.

Katika majina yaliyomo sokoni, Kindle ndiyo inayojulikana zaidi, na ubora wa kioo chake sina neno nao. Ila haisomi EPUB iliyotiwa kwa waya, hivyo huna budi kuituma faili kupitia huduma ya Amazon, nayo huigeuza, au kuigeuza mwenyewe kwa Calibre iwe AZW3, aina ya faili ya Kindle yenyewe, kisha kuihamisha. Kobo, kampuni iliyozaliwa Toronto na kununuliwa na Rakuten ya Japani, hutengeneza vifaa vinavyoisoma EPUB moja kwa moja: unaunganisha waya, unanakili faili, unasoma. PocketBook nayo hufanya vivyo hivyo, na orodha ya aina za faili inazozikubali ni ndefu zaidi. Kwa mizani yangu hawa wawili wametangulia, na kama bei zingekuwa sawa nisingesita. KOReader, niliyoitaja mara kadhaa, ni programu huria inayoweza kutiwa katika Kobo na PocketBook, na katika simu za Android pia. Katika Kindle yataka kwanza kulivunja zuio la mtengenezaji, jambo nisilomshauri asiye fundi.

Anayenunua kifaa kilichokwisha tumika, kama wengi wetu tufanyavyo, akiwashe mbele ya muuzaji na kuhakikisha kwamba kimeondolewa katika akaunti ya mwenyewe wa kwanza, maana kilichoripotiwa kuibiwa au kupotea chaweza kukataa kuandikishwa kwa jina jipya. Kisha ageuze kurasa ishirini hivi, atazame kama kuna mistari isiyofutika, na aingize waya wa chaji autikise taratibu.

Wako wasomaji ambao kwao swali la kioo halipo, kwa kuwa husoma kwa masikio. Kwa hao Thorium ikishirikiana na NVDA, programu ya bure ya kuwasomea wasioona kilichomo katika Windows, ni mwanzo mzuri, na sauti ya eSpeak iliyomo humo huijua lugha yetu, ingawa kwa lafudhi kavu. Sauti zilizo laini zaidi za Kiswahili, za Kenya na za Tanzania, zimo katika Microsoft Edge, ambayo hufungua PDF na kuisoma, lakini zahitaji intaneti. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 ulifungua njia kwa taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazosikika au kupapaswa bila kumwendea kila mwenye hakimiliki, na ingefaa walimu na wakutubi waujue na kuutumia, maana mtoto asiyeona anayesubiri kitabu cha darasa mwaka mzima hakosi haki kwa uhaba wa sheria.

Limebaki suala la alama na maandishi ya pambizoni, ambalo wengi hulikumbuka baada ya miaka, wakati kazi imekwisha kuwa nyingi. Kindle huandika vifungu vyote ulivyovipigia mstari katika faili moja ya maandishi iitwayo My Clippings, nayo unaweza kuinakili kwa waya wakati wowote. Hilo ni jema lake kubwa. SumatraPDF na Okular huweza kuziweka alama ndani ya PDF yenyewe, hivyo huenda pamoja na kitabu. Calibre na Foliate hukuruhusu kuzitoa nje kama faili. Basi kabla hujaichagua programu yoyote, chukua faili tatu: riwaya ya EPUB, PDF ya picha, na maandishi yenye ng'ombe ndani yake. Zifungue, piga mistari mitatu au minne, andika neno pembeni, kisha uitafute njia ya kuyatoa uliyoyaandika. Ukishayatoa, yafungue katika kompyuta nyingine isiyo na programu hiyo. Jaribio hili lamalizika kabla ya chai kupoa, halina gharama, nalo lifanywe kabla ya kulipa. Na folda ya maktaba yako, ikiwa na vitabu na maandishi hayo, inakiliwe katika diski ya nje ihifadhiwayo nyumba nyingine, kwa ndugu au kwa rafiki, na kuhuishwa kila mwisho wa mwezi.